Ua Kwanza, Mtoto Baadaye: Mwongozo Kamili wa Kupiga Picha Nzuri kwa Simu au Kamera ya Kuanzia

Picha za anayeanza hufanana. Ua jekundu liko katikati kabisa, dogo kama kifungo, na nyuma yake kuna ndoo, kamba ya nguo na ukuta wa jirani. Mtoto amesimama wima kama yuko kwenye gwaride, mikono ameibana mapajani, macho ameyafinya kwa jua, paji la uso linang'aa na matundu ya macho yamejaa giza. Mwenye picha akiona hivyo huilaumu simu, kisha huanza kuweka akiba anunue nyingine.

Jirani zangu hapa Tabata hunipa simu zao nizikague, na mara nyingi sigusi chochote ndani ya simu. Namchukua mtoto yuleyule, namsogeza hatua tano hadi chini ya kibaraza, nachuchumaa, napiga tena. Mama yake akiiona picha hudhani kuna mahali nimebonyeza. Sikubonyeza. Nilihama pale nilipokuwa nimesimama, basi.

Kila anayeniuliza namshauri aanze na ua, hata kama anachotaka ni picha za wanawe. Ua na mtoto wana tabia tatu za pamoja: wote wako chini kuliko macho yetu, wote hawatulii, na wote wana rangi ambayo kamera huisoma vibaya. Ila ua lina subira. Unaweza kulikosea mara arobaini asubuhi moja na bado lipo palepale. Ukiliweza ua, mkono na jicho lako vitakuwa vimeshazoea la kufanya siku mtoto atakapocheka kwa nusu sekunde na kugeuka.

Futa lenzi kabla ya yote

Simu hukaa mfukoni, kwenye pochi, na kwenye viganja vyenye mafuta ya mgando. Alama moja ya kidole kwenye lenzi huitia picha nzima utando mweupe, na kila taa huota miali. Futa kwa fulana safi ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Usifutie kanga mpya ambayo bado ina wanga. Kama umetoka ufukweni Coco au Kigamboni, puliza kwanza chembe za mchanga, kisha ndipo ufute, maana mchanga ukiuburuza juu ya kioo unachora.

Joto letu lina unyevu, na hilo huleta jambo jingine. Ukitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi, lenzi hupata ukungu papo hapo. Usihangaike kuifuta kila dakika. Iache ndani ya begi dakika kumi au kumi na tano ipate joto la nje, ukungu utaondoka wenyewe. Wenye kamera za kubadilisha lenzi wazihifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kuvu huota ndani ya lenzi katika mji kama huu, na ikishaota kuitoa ni kazi ya fundi.

Jua la Dar lina ratiba yake

Hapa ndipo picha nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo jua hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba. Hata Juni, mwezi ambao jua limesogea kaskazini kabisa, mchana bado linakuwa juu sana. Kilele chake hapa si saa sita kamili, ni kati ya saa sita na dakika kumi na saa saba kasoro dakika ishirini hivi, kutegemea mwezi. Jua likiwa utosini, paji la uso na nyusi huyatilia macho kivuli, pua huangusha doa jeusi mdomoni, na petali za ua huungua kuwa bapa jeupe lisilo na mistari. Hakuna simu itakayorekebisha hilo.

Nyakati nzuri ni mbili kwa siku. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu. Jioni, kuanzia saa kumi na nusu hadi jua linapozama, ambalo kwetu huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi hivi mwaka mzima. Kumbuka pia kwamba karibu na ikweta jua huzama karibu wimawima. Ile rangi ya dhahabu haikai. Likishagusa upeo una kama dakika ishirini tu za mwanga unaofaa, kisha giza. Anayesema "subirini nimalize kuoga ndiyo tupige" hukuta usiku umeingia.

Kwa maua mimi huchagua asubuhi bila kufikiri mara mbili. Upepo wa baharini kwa kawaida hushika nguvu baada ya adhuhuri, na asubuhi mapema matawi huwa yametulia. Kwa watoto napendelea jioni: wameshalala mchana, wameshakula, wako nje wanacheza.

Na kama sherehe ni mchana, kama zinavyokuwa sikukuu zetu? Nilimpiga mpwa wangu picha za Idi pale Mnazi Mmoja saa saba mchana, katika gauni jipya, na hakuna hata moja ambayo macho yake yanaonekana. Ile siku hairudi. Ningemtoa juani nikamsimamisha kwenye ukingo wa kivuli, hatua moja tu ndani, uso ukitazama nje kwenye uwazi, picha ingekuwepo hadi leo. Kumbuka hilo neno, ukingo wa kivuli: chini ya kibaraza, mlangoni, chini ya bati la duka, kwenye kivuli cha jengo. Mtoto yuko kivulini, lakini anga lote jeupe liko mbele ya uso wake na linamwangaza taratibu.

Kivuli cha mwembe ni jambo tofauti. Mwembe mkubwa wenye majani mazito unafaa. Mti wenye majani machache hupenyeza vidoa vya jua, na uso wa mtoto hutoka na mabaka kama chui. Tazama ardhi kwanza: ukiona vidoa chini, vitakuwepo usoni pia.

Sasa nenda kwa ua

Chagua ua moja. Kosa la bustanini ni kutaka kuchukua kichaka kizima, na kichaka kizima katika picha huwa ni fujo ya rangi. Zunguka, tafuta lile ambalo halijaliwa na wadudu, halijavunjika petali, na limejitenga na wenzake. Dar haina uhaba. Vitalu vya maua vya pembeni mwa barabara, kama vile vya barabara ya Bagamoyo, vina kila rangi, na ukimsalimu mwenye kitalu vizuri na kumweleza unajifunza, wengi hawakatai. Bustani ya Mimea ya mjini, karibu na Makumbusho ya Taifa, ni ya tangu enzi za Wajerumani na ina miti na maua ya kutosha kwa asubuhi nzima. Ukiwa maeneo hayo kumbuka Ikulu haiko mbali. Usielekeze kamera huko, wala kwenye bandari, wala kwenye kambi za jeshi. Na kama huna nauli, kopo la asumini au waridi uani kwenu linatosha.

Shuka chini. Hii ndiyo hatua ambayo watu huikataa kwa sababu ya magoti na nguo safi. Ua lililopigwa kutoka juu ni ua ambalo kila mtu analiona kila siku akipita. Weka lenzi usawa wa ua, au hata chini yake kidogo ukitazama juu. Tandika gunia, piga goti. Kwa simu unaweza kuigeuza kichwa chini, lenzi ikawa karibu na ardhi, na ukapata pembe ambayo mwili wako hauwezi kuifikia.

Tazama nyuma ya ua kabla ya kutazama ua. Ndoo, bomba, mfuko wa plastiki, mguu wa mtu: vyote hivyo macho yako huvipuuza lakini kamera haivisamehi. Mara nyingi ukijisogeza nusu hatua kushoto, ndoo inajificha nyuma ya majani. Kadiri nyuma inavyokuwa mbali na ua ndivyo inavyolainika na kuwa rangi tupu, kwa hiyo tafuta ua ambalo nyuma yake kuna uwazi wa mita mbili au zaidi. Pakikosekana, mwombe mtu ashike kitambaa cheusi kisichong'aa nusu mita nyuma ya ua, penye kivuli. Hata buibui kuukuu linafaa, na asumini nyeupe mbele yake hupendeza kuliko mbele ya kitu chochote nilichowahi kujaribu.

Sogea karibu, lakini usipitilize. Lenzi kuu ya simu nyingi haiwezi kushika kitu kilicho karibu mno. Kuna simu zinazokoma sentimita kumi hivi, na zile zenye kihisi kikubwa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, hutaka zaidi. Ukipita hapo, ua linakuwa na ukungu na majani ya nyuma ndiyo yanaonekana vizuri. Dawa ni kurudi nyuma kidogo na kuvuta (zoom) kwa mara mbili. Wenye kamera zenye lenzi ya milimita 18–55 inayokuja na boksi, vuteni hadi 55 kisha msogee hadi kama sentimita 25 au 30.

Gusa kioo cha simu pale unapotaka pawe makini, yaani paonekane bila ukungu. Usiiache simu ichague. Gusa na ushikilie sekunde moja au mbili. Simu nyingi zitafunga hapo na kukuonyesha alama ndogo ya jua ambayo unaweza kuiburuta juu au chini kuongeza au kupunguza mwanga. Hii alama ya jua ndiyo nusu ya elimu yote ya picha za simu.

Wapi hasa pa kugusa? Inategemea ua. Bogenvilia, ambayo imefunika kuta nusu ya mji huu, ina siri yake: zile sehemu za zambarau, nyekundu au za machungwa si maua, ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kale kamrija keupe kadogo katikati. Gusa hapo, na picha itapata kitovu. Hibiskasi huchomoza mkono mrefu katikati wenye chavua. Ukiipiga kutoka mbele moja kwa moja, ncha ya mkono itakuwa makini na petali zitakuwa ukungu, au kinyume chake. Ipige kwa ubavu, mkono ukiwa sambamba na kioo cha simu yako, na vyote viwili vitatoka. Fanya hivyo mapema, maana ua la hibiskasi kwa kawaida huishi siku moja tu. Hilo la leo kesho limejikunja.

Rangi nyekundu huidanganya kamera. Hibiskasi nyekundu au ua la mkrismasi, ile miti inayowaka mijini kuelekea Desemba, hutoka kama doa la rangi ya kucha lisilo na mishipa wala mikunjo. Buruta ile alama ya jua chini hadi uone mistari ya petali imerudi. Kwenye kamera tumia kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, ushushe kama theluthi mbili ya hatua hadi hatua moja (hatua hapa ni kipimo cha mwanga, namba moja kwenye kile kipimo). Maua meupe nayo hivyo hivyo: bora picha itoke nyeusi kidogo utakayoiinua baadaye, kuliko nyeupe iliyoungua, kwa sababu kilichoungua hakina tena cha kurudisha.

Kisha cheza na upande wa mwanga. Simama ili jua la asubuhi liwe nyuma ya ua, si nyuma yako. Petali ni nyembamba. Mwanga ukizipenya huwaka kutoka ndani na mishipa yote huonekana. Kinga lenzi kwa kiganja isipigwe na jua moja kwa moja. Ukiona upande wa mbele umekuwa mweusi mno, weka karatasi nyeupe ya manila chini au pembeni ya ua, irudishe mwanga. Manila moja ya dukani ina kazi kuliko vifaa vingi vya gharama, na utaihitaji tena kwa mtoto.

Kuhusu upepo: usipambane nao. Upepo huja kwa mawimbi. Tayarisha kila kitu, subiri, na katika ule mtulio kati ya wimbi na wimbi bonyeza picha tano sita mfululizo. Wenye kamera wahakikishe kasi ya shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga kuingiza mwanga, haishuki chini ya 1/250 ya sekunde. Usilikate ua ili ulipige ndani. Linanyauka, na si lako.

Ruhusa

Kwa wanao, huna shida. Kwa mtoto wa mwingine, hata wa jirani mnayeazimana chumvi, omba kwanza. Msalimie mama, mweleze unataka kufanya nini na picha itaenda wapi. "Shikamoo mama, najifunza kupiga picha, naomba nimpige mwanao akiwa anacheza, nitakutumia wewe tu." Sentensi kama hiyo hufungua milango. Akikataa, mshukuru uondoke. Mtoto mwenyewe akikataa, hata kama mzazi amekubali, heshimu. Mtoto aliyelazimishwa hutoa picha ya mtoto aliyelazimishwa.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kwa vitendo nafanya haya: sipigi mtoto akioga wala akiwa bila nguo, hata aliye mchanga, siweki hadharani picha inayoonyesha nembo ya shule kwenye sweta, na nimezima kumbukumbu ya mahali katika kamera ya simu, kwa sababu picha inaweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa.

Mtoto sasa

Yale yote uliyofanya kwa ua, yafanye. Shuka hadi macho yako yalingane na yake. Kwa mtoto anayetambaa maana yake ni kulala kifudifudi sakafuni. Ukimpiga kutoka juu unapata kichwa kikubwa na miguu midogo, na kila anayeiona picha anamtazama kwa kumwinamia. Ukishuka, ghafla ni mtu kamili anayekutazama.

Gusa kwenye jicho, lile lililo karibu nawe. Si pua, si ua la gauni. Macho yakiwa makini, mengine yote yakiwa laini bado picha inasimama. Macho yakiwa na ukungu hakuna kinachoikoa.

Tafuta kimulimuli ndani ya macho. Mgeuze mtoto hadi uone nuru ndogo nyeupe kwenye mboni, ile taswira ya anga au ya dirisha. Ikionekana, uso wote umeshapata mwanga. Ndani ya nyumba mkalishe mita moja kutoka dirishani, ubavu wake ukielekea dirisha, na uzime taa ya juu kabisa, kwa sababu rangi yake ya manjano au ya samawati hugombana na nuru ya nje. Kama dirisha lina wavu wa mbu na pazia, fungua vyote. Zima fulashi, inaifanya sura kuwa bapa na kuacha kivuli kikali ukutani. Angalia pia ukuta: ukuta wa kijani kibichi humrudishia mtoto ukijani shavuni.

Nizungumzie ngozi, maana hili linaniuma. Kamera haijui inamtazama nani. Hupima mwanga wa fremu nzima na kujaribu kuufanya uwe wa wastani. Mtoto mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe au anga, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na mtoto hutoka kama kivuli chenye meno. Uso wake ukijaza fremu yote, hufanya kinyume: huongeza mwanga hadi ngozi inapauka kama ya jivu. Zama za filamu, rangi zilipimwa kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi zetu zililipia kwa miaka mingi. Kwa hiyo rekebisha mwenyewe. Nyuma pakiwa peupe, buruta alama ya jua juu hadi uso wa mtoto ufanane na unavyouona kwa macho. Kwenye kamera, ongeza hatua moja. Bora zaidi, mhamishe mbele ya kitu cheusi kidogo: mlango wa mbao, majani mazito, kanga yenye rangi iliyokolea.

Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao wake, na mng'ao huletwa na mwanga laini wa ubavuni. Mpake mafuta kidogo kama kawaida ya nyumbani, mweke upande mmoja dirishani au kwenye uwazi, na ile manila nyeupe upande wa pili, karibu na shavu lakini nje ya fremu. Shavu, pua na kidevu vitachongeka. Usiwashe kile kichujio cha urembo kinacholainisha na kung'arisha sura. Humfuta mtoto na kumweka mwingine, na mtoto anajifunza kutoka hapo kwamba alivyo hatoshi.

Mpe kazi, usimpe amri. "Cheka!" huleta meno, haileti kicheko. "Simama vizuri!" huleta gwaride. Mpe mawe acheze mdako, na utapata uso ulioinama kwa umakini ambao hakuna studio ingeupata. Waache wacheze rede au kombolela na wewe kaa mahali pamoja, uzoee mchezo unavyokwenda: katika kombolela, kila anayekomboa wenzake hupiga kelele palepale, kwa hiyo elekeza kamera hapo mapema na usubiri. Mtoto mdogo muulize jambo analolijua: kuku wenu analala wapi? Nani anamaliza maandazi humu ndani? Picha ni ile ya sekunde baada ya jibu, anapokuangalia kuona umelipokeaje.

Mwache dakika tano za kwanza aizoee simu. Mwonyeshe picha mbili tatu, kisha usimwonyeshe tena, vinginevyo kila ukibonyeza atakuja mbio kuchungulia.

Usimsogelee uso kwa lenzi pana. Ukiweka simu sentimita thelathini kutoka usoni, pua hukua na masikio hukimbilia nyuma. Simama mita moja na nusu au mbili, vuta mara mbili. Ile hali ya kulainisha nyuma ya mtu (Portrait) ni nzuri kwa mtoto aliyetulia tu; nywele za misokoto na petali huzikata kama kwa mkasi butu, na mtoto akisogea huikoroga. Hali ya usiku nayo muiache, huacha kamera wazi muda mrefu na mtoto hawezi kuganda muda wote huo.

Kwa wanaokimbia, shikilia kitufe upate picha mfululizo. Simu nyingi zina namna hiyo, ijaribu yako nyumbani kabla. Kwenye kamera, weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde au zaidi na uache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au 3200. Chenga chache za mwanga hafifu ni afadhali kuliko sura iliyopita kama upepo. Weka pia ulengaji unaomfuata mhusika: Nikon huandika AF-C, Canon huandika AI Servo au Servo. Ukiwa na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8 (namba ikiwa ndogo tundu ni pana), usiifungue yote kwa watoto wawili. Mmoja atakuwa makini na mwenzake ukungu. Funga hadi 4 au 5.6, na uwapange nyuso zao ziwe umbali mmoja kutoka kwako.

Mtoto na ua pamoja ni mtihani wa mwisho, na watu hukosea kumpa mtoto ua alishike mbele ya kifua akitazama kamera. Mwambie alinuse. Mwambie ahesabu petali. Mpe kopo amwagilie. Amua kabla ni nani mwenye picha: ukigusa kwenye ua, mtoto awe rangi laini nyuma, ukigusa kwenye jicho, ua liwe doa la rangi mbele ya lenzi.

Kuchagua, kusafisha, kuhifadhi

Siku hiyohiyo usiku futa. Katika picha arobaini baki na tatu au nne. Ukishindwa kuchagua kati ya mbili zinazofanana, tazama macho tu, kisha mikono.

Kuhariri kwangu ni kwa dakika mbili katika Snapseed, programu ya simu ambayo ni ya bure: nanyoosha upeo, nakata kingo zisizo na kazi, nashusha sehemu zinazong'aa mno, nainua vivuli kidogo. Rangi siongezi. Ua jekundu likiongezwa rangi linarudi kuwa lile doa tulilolikimbia.

WhatsApp hupunguza ubora wa picha ikitumwa kawaida. Kama unampelekea mtu wa kusafisha picha, itume kama dokumenti. Kwa saizi ya inchi 4 kwa 6 picha inahitaji kama nukta (pikseli) 1200 kwa 1800, na simu yoyote ya sasa inazo. Tatizo liko kwenye umbo: picha ya simu kwa kawaida ni 4 kwa 3, karatasi ni 3 kwa 2, kwa hiyo kingo mbili lazima zikatwe. Studio moja iliwahi kunikatia utosi wa watoto watatu katika picha ambayo bibi yao aliisubiri miezi. Tangu siku hiyo naacha nafasi juu ya vichwa wakati wa kupiga, nakata mwenyewe kwa 3 kwa 2 kabla ya kupeleka, na naomba nione kwenye kioo cha kompyuta yao kabla hawajabonyeza.

Nakala moja mpe mtoto mwenyewe aishike. Nyuma yake andika kwa kalamu ya risasi jina, mtaa na tarehe. Wino hupenya ukatokea mbele.